Soksi za Doña Basilia

Doña Basilia Chuc hakuwa mtu wa kuvua soksi mbele za watu. Hata Liborio mumewe, aliyelala naye chumba kimoja miaka zaidi ya thelathini, kila mtu kwenye bembea yake ya wavu, alikuwa amekwisha kusahau vidole vya mkewe vinafananaje. Usidhani ni maringo. Mwanamke anayeamka alfajiri akasimama mbele ya bamba la chuma lililokolezwa kuni, akageuza chapati za mahindi za nusu ya mji mpaka jua lipande, mwili wake ni wa moto, na mwili wa moto haukutanishwi na baridi. Haukanyagi vigae, hauchezei maji, haufungui friji. Huko Yucatán kila familia ina shangazi aliyepinda mdomo kwa kufungua friji akitoka kupiga pasi, na kama haina, itaazima wa jirani ili ipate cha kusimulia.

Basi Basilia alivaa soksi nene za kiume, rangi ya kahawia, ndani ya kandambili. Jioni, mwili ukishapoa, aliingia bafu la uani, lenye giza la kutosha kukificha hata kiboko, akazivua, akajimwagia maji ya vuguvugu, akavaa nyingine. Kuinama kuzitazama nyayo zake hakuweza. Tumbo lilikuwa limekwisha kumtangulia kwa kila jambo, na yeye mwenyewe alilicheka kabla ya wengine kulicheka.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hii hakuicheka. Mama yake, Doña Fidelia, aliugua sukari. Walianza kumkata kidole kimoja. Kisha unyayo. Kisha wakapanda mpaka gotini, na mguu ule ukaletwa nyumbani ukazikwa makaburini, mwenyewe akiwa bado hai, akiuliza kila siku kama umewekewa maua. Basilia ndiye aliyekuwa akimjibu. Tangu hapo, mtu akitamka neno miguu mbele ya daktari, yeye alitafuta mlango uko wapi.

Mwezi wa nane wa mwaka huo alikuwa anatarizi kitambaa cha meza ya marehemu, kile cha kutandika siku za mwanzo wa Novemba, wafu wanaporudi nyumbani kula. Alitaka kiwe kizuri kuliko cha wifi yake Socorro, dada yake Liborio, aliyeishi ng'ambo ya ukuta wa mawe. Ukweli ndio huo, na mama yake marehemu angemuunga mkono. Siku moja akainuka kwenda kuzima maharage yaliyokuwa yanafurika, aliporudi sindano haipo. Ilikuwa sindano yake nzuri, nyembamba, ya kununuliwa jijini Mérida. Akapekua bembea, akakung'uta kitambaa, akamgeuza paka. Saa ile ile Socorro alikuwa ametoka hapo, alikuja kuomba chumvi.

"Wifi, ile sindano yangu ukimaliza nayo nirudishie," akapaza sauti juu ya ukuta.

"Sindano gani? Mimi nimechukua chumvi."

"Sijasema umeiba. Nimesema ukimaliza."

"Basilia, usinitafute. Sindano ninazo za kukushonea hata huo mdomo."

Wakanuniana wiki mbili. Yaani walisemezana kila siku, ila kwa kupitia kwa Liborio, aliyekaa katikati akila kwa wote wawili na kunenepa.

Kilichowapatanisha ni damu. Watu wa chuo kikuu walikuja kwenye zahanati ya mji wakitaka wanawake waliovuka arobaini, wawapime kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu, na kitu kingine ambacho hakuna aliyekielewa vizuri. Atakayetolewa damu angepewa staftahi ya bure. Waliambiwa waje bila kula. Siku ya kwanza karibu wote walirudishwa, kwa sababu walikuwa wamekunywa kahawa na mkate wa sukari, na hakuna mtu mwenye akili timamu mjini pale anayeita kahawa na mkate wa sukari chakula. Socorro na Basilia walirudishwa pamoja, wakatukana pamoja njia nzima, na walipofika nyumbani ugomvi wa sindano ulikuwa umepungua.

Siku ya pili Basilia alikwenda moja kwa moja kutoka kwenye bamba lake, maana wateja hawangoji. Aliyempokea alikuwa Daktari Renán Ek, kijana kutoka Tekax, mwembamba, aliyeletwa pale kufanya mwaka wake wa kulitumikia taifa. Alimpima kiuno, akatoa damu, akapima presha mara mbili kana kwamba hakuiamini.

"Sasa vua soksi, mama, nikutazame miguu."

"Hapana."

"Ni dakika moja tu."

"Hata nusu. Nimetoka motoni sasa hivi, na sakafu yako hii ni barafu. Unataka nipooze upande, halafu nani atawalisha watu?"

Daktari alitazama soksi, akamtazama usoni, kisha akamwacha aende kula. Basilia alikula mkate wake na yai akijiona mshindi. Hakujua kuwa pale ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kwao kabisa. Wanawake wengine wote walioshinda kwenye bamba asubuhi ile walikataa kwa maneno hayo hayo.

Majibu yalirudi Septemba. Daktari aliwakusanya kivulini nyuma ya zahanati, akawaeleza kwamba kuna mambo matano yanayopenda kutembea pamoja: kiuno kipana, presha, sukari iliyopanda, mafuta mabaya yaliyozidi na mafuta mazuri yaliyopungua. Mwenye matatu kati ya hayo, moyo wake na sukari yake viko mashakani, na huo ndio ugonjwa waliokuja kuuchunguza. Socorro alikuwa nayo matatu. Basilia, manne.

"Hata hapa umenishinda," Socorro akanong'ona. "Hongera."

"Asante. Mwakani jitahidi."

Wenzake walipoondoka, daktari alimwita Basilia pembeni, akamvutia kiti. Hilo la kiti halikumpendeza. Madaktari wa mama yake nao walipenda kuvuta viti.

"Mama, shahamu ya tumboni hailali," alianza. "Inaliambia ini usiku na mchana kwamba mwili uko vitani, na ini linamwaga ndani ya damu kitu cha kuitikia vita. Hicho ndicho kile kipimo ambacho wengi hamkukielewa. Wanawake wengi hapa kimepanda kidogo, na kadiri yale mambo matano yanavyozidi ndivyo na chenyewe kinavyozidi. Ni moto wa makaa. Haulipuki, ila unakula mishipa taratibu."

"Na mimi ninao huo wa makaa."

"Wewe chako kimepita hapo mbali. Wenzako wana tatu, nne, wachache wana sita. Wewe una sitini na kitu. Shahamu peke yake haifiki huko. Ndani yako kuna mahali panaungua kweli."

Basilia akauliza kilichomjia kwanza: "Sasa mmenifukuza kwenye utafiti wenu?"

"Wenye utafiti wamekuondoa, ndiyo. Mtu wa namna yako anaharibu hesabu yao. Hesabu ni yao, lakini wewe ni mgonjwa wangu. Nataka nijue ni wapi."

Akautafuta huo moto kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Akamfungua mdomo akagonga jino moja moja. Akasikiliza mapafu. Akapima mkojo, akaminya tumbo upande wa nyongo, akauliza kuhusu homa, kuhusu kikohozi, kuhusu mambo ya kike ambayo Basilia alimjibu akitazama dari. Hakuona kitu. Mwishowe akashusha macho.

"Imebaki miguu."

"Nimetoka motoni," alisema Basilia, akainuka, akaenda zake.

Alitembea haraka, na hakusalimia mtu. Kwa nini alikuwa na hasira? Kwa sababu alijua. Jioni mbili nyuma, kule bafuni, soksi ya kushoto ilikuwa imegoma kuvuka. Ilinata. Alipoivuta ikatoka na unyevunyevu, na harufu fulani, naye akajiambia ni maji, ni jasho, ni soksi ya zamani. Hakuna maumivu yoyote. Mama yake naye alikuwa akisema hivyo hivyo: haniumi, wala usihangaike. Basilia aliifua ile soksi mwenyewe, peke yake, kabla Liborio hajaamka.

Zikapita siku. Mwili ukawa mzito, baridi ikampanda mchana wa jua kali, sukari ikamkausha kinywa hata akanywa soda chupa nzima na bado kiu. Akasema ni upepo mbaya. Akajifunga shali. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura moja tu, sura ya mama yake akiuliza kama mguu umewekewa maua.

Jumatatu moja, karibu saa sita, mtu alibisha. Jumatatu mji mzima unapika maharage na nyama ya nguruwe, na harufu yake ilikuwa imejaa njiani. Mlangoni alisimama Daktari Renán, mkoba begani, na gunia la katani alilolikunja kwapani.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza Basilia, ambaye kwa kawaida alikuwa na adabu.

"Kungoja, mama."

"Kungoja nini?"

"Upoe."

Alikaribishwa na Liborio, aliyempenda mgeni yeyote wa wakati wa chakula. Akapewa bembea ya wageni, akapewa sahani, akala maharage, akaongezewa, akasifu pilipili huku machozi yanamtoka. Alieleza kwamba bibi yake kule Tekax aligeuza chapati kwa miaka arobaini, na alimlea yeye pembeni ya bamba hilo. Alijua mwili wa namna ile unachukua muda gani kupoa. Wenzake wa Mérida, alisema, humwita mshamba akiyataja hayo, lakini bibi yake hakuwahi kumruhusu mtu amwambie vua viatu kabla ya wakati wake, na yeye siku ile ya kwanza alimwambia Basilia hivyo hivyo kwa sababu alikuwa na haraka.

"Nilikosa adabu," alisema. "Leo sina haraka."

Basilia alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Alitaka kumchukia kijana yule, hakuweza. Akamtazama akisinzia, mguu mmoja umening'inia nje ya bembea. Mtu aliyesoma vitabu vyote vile amekuja kulala nyumbani kwake akingoja joto limtoke Basilia. Akafuta macho, akasingizia pilipili.

Kivuli cha nyumba kilipofika kwenye kisima, daktari aliamka bila kuamshwa. Akaenda uani, akachuma majani ya mchungwa mchungu, akayachemsha, akapooza maji mpaka yakawa ya vuguvugu. Akatandika gunia lake la katani sakafuni ili nyayo zisikutane na vigae. Akaweka beseni juu yake.

"Mwili umepoa?"

Basilia aligusa shingo yake. "Umepoa."

"Maji si ya baridi. Sakafu huikanyagi. Kuna sababu nyingine?"

Ilikuwepo. Liborio aliacha kujibembeza. Juu ya ukuta wa mawe kichwa cha Socorro kilikuwa kimechomoza zamani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikusema kitu.

"Mama yangu walianza na kidole," alisema Basilia, na sauti yake ikapasuka. "Mguu wake ulitangulia kaburini, daktari. Mimi ndiye niliyeupelekea maua."

"Najua. Watu wameniambia. Siwezi kukuahidi kitu ambacho sijakiona. Lakini damu yako imepiga kelele mapema, na mimi nimekuja kwa sababu ya kelele hizo. Niruhusu."

Akaruhusu. Kijana alipiga magoti, akazilowesha soksi ndani ya beseni mpaka zikalegea, akazivua polepole. Basilia alifumba macho. Alisikia maji yakichuruzika, alisikia Socorro akivuta pumzi, ila mkono wa daktari hakuusikia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Nakubonyeza hapa. Unasikia?"

"Wapi?"

Daktari alikuwa ameushika unyayo wa kushoto kwa mikono miwili. Chini ya sugu nene, karibu na kidole gumba, ngozi ilikuwa imepasuka na usaha unatoka, na kandokando yake wekundu umepanda hadi juu ya unyayo. Kidole chake kilipopita pale kiligusa kitu kigumu, chembamba, kilichonyooka.

"Mama, uliwahi kukanyaga kitu? Mwiba? Waya?"

"Ningejua."

"Ah," ilisema sauti ya Socorro juu ya ukuta, taratibu kabisa. "Basilia. Sindano yako."

Alasiri hiyo hiyo walikwenda Mérida kwa gari la jirani, daktari mbele, Basilia nyuma na mguu juu ya mapaja ya wifi yake. Picha iliyopigwa hospitalini ilionyesha sindano nzima, imelala kimya ndani ya nyama, tundu lake likionekana wazi. Ilikuwa imeingia siku ile ya maharage yaliyofurika. Basilia alikuwa ameikanyaga na soksi zake, mguu uliokufa ganzi kwa sukari haukumwambia, naye akageuka nyuma kumshitaki ndugu wa mumewe.

Daktari wa upasuaji aliitoa, akasafisha, akachunguza mfupa. Mfupa ulikuwa salama. Alitoka nje akijifuta mikono, akasema mguu utabaki wote, vidole vyote, na kwamba wagonjwa wa namna hii kwa kawaida huwapata mfupa ukishaoza. Akauliza ni nani aliyegundua kwa mgonjwa asiye na maumivu. Liborio, ambaye hakuwahi kusema mengi, alimwonyesha Renán kwa kidevu, akaanza kulia.

Basilia alilazwa siku kadhaa akitiwa dawa mshipani. Socorro alilala chini, kando ya kitanda chake, hakukubali kubadilishana na mtu.

"Wifi," alisema Basilia asubuhi moja. "Nilikuita mwizi."

"Hukuniita mwizi. Ulisema nikimaliza."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kwenye gari. Kumbe mwizi mwenyewe ulikuwa unamkanyaga kila siku, na mimi nafinywa kwa ajili yake." Akampangusa uso kwa kitambaa. "Ila ile chumvi yako ilikuwa na unyevu. Hilo nalo niliseme."

Walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akawaomba wapumzike.

Oktoba ilipokaribia mwisho damu ilipimwa tena. Kile kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka walipo wenzake: tano na kidogo. Renán alikuja mwenyewe kumwambia.

"Vita vimekwisha. Umebaki na moto wa makaa, kama jirani zako. Huo hatuutoi kwa kisu. Huo ni dawa zako, ni kutembea jioni, ni soda kuwa ya Jumapili."

"Jumapili na Alhamisi."

"Jumapili, mama."

"Wewe bibi yako alikulea vibaya," alisema Basilia, akamshika mkono, akaubusu, na kijana akaona haya hata masikio yakamwiva. "Mungu amlaze pema aliyekufundisha kungoja. Mguu huu ninaokanyagia ni wa kwake nusu."

Siku ya wafu ilifika. Nyumba zote zilikuwa zimefukia ardhini, juu ya makaa, mikate mikubwa ya mahindi yenye kuku ndani, imefungwa majani ya mgomba, na moshi wake mtamu ulitambaa juu ya kuta. Siku hizo hakuna anayeshona, maana sindano inaweza kumchoma marehemu aliyekuja kula. Socorro alikusanya sindano za nyumba zote mbili, akazihesabu kwa sauti kubwa, akazifungia ndani ya kopo, kisha akamtazama wifi yake miguuni kana kwamba hesabu haijakamilika. Kile kitambaa kilitandikwa mezani na pembe moja isiyotariziwa. Basilia hakuona aibu. Aliweka juu yake picha ya mama yake, chokoleti ya moto, chungwa lililomenywa, na ndala yake moja, ya mguu uliobaki, iliyohifadhiwa miaka yote.

Hakuwa amewasha bamba asubuhi ile. Mwili wake ulikuwa wa kawaida. Mbele ya Liborio, mbele ya Socorro na daktari aliyealikwa kula, alikaa kwenye kiti, akavua soksi za kahawia moja moja, akazikunja. Akasimama peku juu ya vigae, akashika ukingo wa meza.

"Mama," aliiambia picha. "Hesabu. Vyote kumi."

Alikaa hivyo kitambo, akilia bila kujificha, akimshukuru mama yake, akimshukuru bibi wa Tekax asiyemjua, akiishukuru damu yake iliyosema pale mguu uliponyamaza. Kisha akageuka.

"Wifi, sakafu ni ya baridi?"

Socorro alivua kandambili yake, akakanyaga. Kila jioni tangu watoke hospitali alikuwa akija na taa kuzikagua nyayo zile kidole kwa kidole, na alikwisha kuzijua kuliko zake.

"Ya baridi sana," alijibu.

"Mimi siisikii," alisema Basilia. "Nipe mkono wako, basi, uniambie nikanyage wapi."